Koili Mbili za Fundi Kimya

Mwenye habari hizi yupo hai, anakula vizuri, na anasikia vizuri pia akitaka. Lakini walipomwendea aeleze maisha yake aliwajibu, "Muulizeni dada," akageukia kazi yake. Basi ndiyo maana nimeletewa mimi karatasi na kalamu, mtu niliyeachishwa shule darasa la tatu, na macho yenyewe siku hizi yananisaidia kwa zamu. Mwalimu wa fizikia anasema ni kwa ajili ya kijitabu cha maabara yao, ili wanafunzi wajue vifaa wanavyovishika vimetoka mikononi mwa nani. Nikamwambia aje na mashine ya kunasa sauti, nitaongea. Akasema hapana shangazi, andika mwenyewe, ukiongea utawagombeza. Nitawagombeza hivyo hivyo kwa kalamu.

Huyu mdogo wangu watu wanamwita Kimya. Jina la wazazi analo, ila amekataa lisiandikwe, anasema wateja hawalijui na watadhani ni mtu mwingine. Hakuzaliwa bubu. Alikuwa mtoto anayefikiri kabla hajajibu, na akimaliza kufikiri, aliyemuuliza amekwisha ondoka. Mama alikuwa akimtuma dukani anamwambia, "Usifikiri, nenda tu."

Mtaani kwetu palikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Mota yake ilipoungua, sisi wengine tuliona shida ya unga. Yeye aliona sikukuu. Alikuwa anachuchumaa pembeni ya fundi aliyekuja kuifungua, anatazama zile nyaya zilizojipanga ndani kama nywele zilizosukwa, halafu anarudi nyumbani na vipande vya waya mweusi mfukoni. Mama akavitupa. Kesho yake akaleta vingine. Wakaendelea hivyo, huyu analeta, huyu anatupa, mpaka mama akachoka yeye.

Alipokua kidogo akaenda kwa fundi yule yule akaomba kazi. Fundi akamkubali, lakini kwa muda mrefu hakumruhusu kugusa waya mpya. Kazi yake ilikuwa kung'oa ule ulioungua. Ukitaka kujua mtu kama ana subira, mpe mota iliyoungua na koleo. Vanishi inayopakwa kwenye waya ikiyeyuka inashika kama gundi, unavuta waya mmoja unakatika, unavuta mwingine unakuchana. Alikuwa akirudi nyumbani ananuka sukari iliyounguzwa pamoja na soli ya kiatu, nami nilikuwa namlazimisha aoge nje kabla hajakanyaga sakafu yangu. Siku moja nikamuuliza, hivi unapata nini huko? Akafikiri, nikadhani hatajibu. Akasema, "Dada, ni waya tu umezungushwa. Haugusi chochote. Lakini kile chuma cha katikati kinazunguka." Nikamwambia aoge.

Leo najua alikuwa ananiambia jambo kubwa. Wakati ule niliona mtoto ananichelewesha na ndoo.

Akawa fundi, akafungua kibanda chake, chumba kimoja chenye milango miwili ya mbao inayofunguka barabarani. Ndani benchi, makopo ya vanishi, na mota zimepangwa juani zikauke. Sifa yake ilikuwa pua. Unamletea mota, anainusa kwanza. Kulikuwa na bwana mmoja alileta pampu akiapa kwamba imezima yenyewe tu, hakuna aliyeigusa. Kimya akanusa, akasema, "Imeachwa kwenye mvua," akaanza kufungua parafujo. Yule bwana alikuja na maelezo marefu, akaondoka bila kuyatumia.

Akaoa, akazaa, mkewe akatangulia mbele ya haki. Mtoto wa kiume akafuata kazi ya baba, na muda huo wote mambo yalikwenda. Kisha asubuhi moja alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka. Hakukiokota. Alikaa anautazama mkono wake wa kulia kama mkono wa mtu mwingine umewekwa mezani kwa bahati mbaya. Kiharusi. Nilifunga sanduku langu nikahamia kwake siku aliyotoka hospitali, na yeyote aliyesema dada mzee hivi atamuuguza nani, nilimwambia aje yeye.

Mguu ulirudi. Mdomo ulirudi, si kwamba alikuwa anautumia sana. Mkono wa kulia ulirudi nusu: unashika, lakini hauna uhakika umeshika. Mwanawe ni kijana mzuri, sina neno naye, lakini alifanya kosa ambalo watoto wazuri hulifanya. Alimwekea baba kiti mlangoni mwa kibanda, chenye mto, akamwambia, "Baba, wewe pumzika, wasalimie wateja." Kimya, awasalimie wateja. Alikaa pale kama kalenda ya mwaka uliopita, watu wanampita. Jioni anarudi nyumbani hali chakula. Usiku namsikia anageuka. Mimi nikimwona mtu anakonda siulizi ni ugonjwa gani, naangalia amenyang'anywa nini.

Hapo ndipo mwalimu wa fizikia alipokuja. Msichana mwembamba, mwenye miwani, mwepesi wa kucheka. Fundi wa kibanda hiki ndiye aliyekuwa akifunga pampu za chuo chao, kwa hiyo njia aliijua. Akaeleza kwamba maabara yao ina koili mbili kubwa za mviringo, yaani waya uliozungushwa kwenye ringi, mapacha, zinazosimamishwa zikitazamana, na wanafunzi wanapima nguvu ya sumaku katikati yake. Zile za zamani kuna waliosahau kuzima umeme wakaenda kula, zikaungua zote mbili. Mpya zikiagizwa zitafika wanafunzi wale wamekwisha hitimu. Je, fundi anaweza kuzifunga, yaani kuzungusha waya mpya? Sharti ni moja, ziwe sawasawa. Zikitofautiana, kipimo chote kinaharibika.

Kijana akajibu haraka kwamba kazi ni nyingi, na mzee siku hizi anapumzika.

"Nitafunga mimi," akasema Kimya kutoka kwenye kiti.

Mwanawe akamwangalia, akamwangalia mwalimu, akacheka kidogo kwa aibu. Akamvuta baba pembeni, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo maana sikuvutwa. Akamwambia kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, kwamba mota ikikosewa inarudi tunairekebisha wenyewe, lakini hii itapimwa na watu wenye mashine za kupimia. Jina la kibanda litakuwa wapi? Kijana akasema basi, tufanye hivi baba. Ukizifunga zikakubali, benchi ni lako. Zikikataa, utakubali kupumzika, na hatutasemezana tena juu ya jambo hili.

"Sawa," akasema Kimya.

Nilitaka kumfinya. Mtu anaweka benchi la maisha yake rehani kwa neno moja, tena kwa mkono ambao asubuhi hiyo ulikuwa umeshindwa kifungo cha shati.

Seremala alitengeneza ringi mbili za mbao zenye mfereji wa kulazia waya, pana kama sinia kubwa. Mwalimu alimkataza kutumia hata msumari mmoja wa chuma. Gundi na vijiti vya mbao tu, kwa sababu chuma kinavuta sumaku upande wake. Tukaifunga mashine ya kuzungushia kwenye meza yetu ya kulia chakula. Nasema tukaifunga, maana kazi ile niliifanya nami, na kama mtu atasoma mahali kwamba Kimya alifanya peke yake, huyo mwandishi ni mwongo. Mimi nilizungusha mpini. Yeye aliuongoza waya kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia akauweka juu ya waya, mwepesi, kama unavyomwekea mtoto mkono kichwani. Alisema hauwezi kushika vizuri lakini unaweza kusikia: waya ukilegea unasikia, ukipanda juu ya mwenzake unasikia.

Kuhesabu kulikuwa kwangu. Niliweka maharage kumi na tano kwenye bakuli. Kila nikizungusha mara kumi, nachukua harage moja natia kwenye bakuli la pili. Maharage yakiisha, koili imeisha. Mwanawe alileta kifaa cha kuhesabia chenye namba zinazojigeuza, nikamrudishia. Kifaa kile sikijui. Maharage nayajua.

Koili ya kwanza ilikwenda kama wimbo. Ya pili tulikuwa kama nusu, jirani akaingia kuazima ungo, akakuta mambo mageni, akauliza maswali yake. Nikamjibu. Alipotoka, Kimya akaushika waya usiende.

"Harage hili la mwisho umelihamisha?"

"Nimelihamisha."

"Sikukuona."

"Hukuniona kwa sababu ulikuwa unatazama waya, na mimi nilikuwa natazama maharage. Ndiyo kazi tuliyogawana."

Akayatazama maharage bakulini. Nikajua hajaniamini. Akasema tufumue tuanze upya. Nikamwambia ukifumua nitaondoka na mpini wangu, uzungushe kwa meno. Waya ule wenyewe ukifumuliwa vanishi inachubuka, alijua hilo kuliko mimi. Tukanuniana mpaka mchana, kisha akauweka mkono wake juu ya waya, nami nikazungusha. Lakini lile jambo lilikaa kati yetu mezani. Kama nimekosea, koili ya pili ina pungufu ya mizunguko kumi, mapacha si mapacha, na mdogo wangu anarudi kwenye kiti chenye mto kwa ajili ya ulimi wangu na jirani. Sikukosea. Lakini kujua kwamba hukukosea na kuwa na cha kuonyesha ni vitu viwili.

Akaziunganisha koili mwenyewe, akakwangua vanishi kwenye ncha za waya, akalehemu polepole, akafunga utepe. Kesho yake mwanawe akatupeleka chuoni. Koili niliziweka mapajani mwangu njia nzima na sikumpa mtu.

Maabara ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, meza nzito za mbao, viti virefu visivyo na mgongo, ambavyo mtu mwenye miaka yangu hapandi ila kwa dhamira. Pana ukimya hata watu wakiongea. Mwalimu akatuomba tuache mlangoni kila kitu cha chuma. Kijana akavua saa, akatoa funguo. Mimi nikaacha fimbo yangu, ina ncha ya chuma, nikamwambia mwalimu ikipotea nitajua nani wa kumdai. Nikamweleza na habari ya harage, kabla Kimya hajapata nafasi ya kunyamaza kuhusu hilo. Akasema, "Tutaona, shangazi."

Akazisimamisha koili juu ya ubao mrefu, zinatazamana kama vioo viwili, na kati yake akalaza rula. Akachukua kijiti chembamba, mfano wa kile cha kupimia homa, kimefungwa waya unaokwenda kwenye kisanduku chenye namba. Hicho ndicho kinapima sumaku. Umeme wa koili ulikuwa bado haujawashwa, lakini nikaona namba ndogo inacheza kwenye kisanduku. Nikasema mashine yako mbovu hiyo, inapima kitu ambacho hakipo.

"Kipo, shangazi. Hiyo ni ya dunia."

Nikamwambia anieleze vizuri. Akasema dunia yenyewe ni sumaku, tangu zamani, na nguvu yake imejaa kila mahali: chumbani humu, ndani ya mkono wako, ndani ya kuta. Ni ndogo, haikuumizi, haikuvuti, lakini haikuachi. Akakigeuza kile kijiti upande mwingine, namba ikabadilika. Akakirudisha, namba ikarudi. Nilikaa nautazama mkono wangu. Nimefua nguo kwa mkono huu, nimezika watu kwa mkono huu, na miaka yote hiyo kuna kitu kinapita ndani yake kimya kimya na hakuna aliyeniambia.

Akabonyeza kitufe, ile namba ya dunia ikawa sifuri, ili kipimo kianzie hapo. Akakiweka kijiti katikati kabisa ya koili mbili. Akawasha umeme, akaupandisha taratibu.

Namba ikabaki sifuri.

Akapandisha tena. Sifuri. Akatazama mshale wa kupimia umeme: unapita. Mimi nikaweka kiganja juu ya koili moja, ina joto kama shavu la mtoto aliyelala. Nikashika nyingine, joto lile lile. Umeme upo, joto lipo, sumaku haipo. Kijana akawa anatazama sakafu, na nilimwona hakufurahi, hilo nitamshuhudia daima. Kimya akachukua kofia yake juu ya meza.

"Twende nyumbani, dada."

"Mzee, hebu subiri," akasema mwalimu. Hakumwangalia. Alikuwa anakisogeza kile kijiti kuelekea koili ya kushoto, na namba ikaanza kupanda. Akakirudisha katikati, ikashuka mpaka sifuri. Akakisogeza kulia, ikapanda tena, lakini sasa ina alama ya kutoa mbele yake. Akarudia. Akaacha kucheka cheka, akawa na uso wa mtu anayesikiliza mlango unagongwa mbali.

Akauliza, "Mzee, hizi mbili umeziunganishaje?"

"Mwisho kwa mwisho."

"Kwa nini?"

"Ndivyo zinavyounganishwa."

Kisha nikaona uso wa Kimya unabadilika. Aliweka mkono wa kushoto juu ya macho. Ndani ya mota, alitueleza baadaye, koili zilizo jirani lazima zipingane, hii ivute na ile isukume, ndiyo sababu chuma kinazunguka. Kwa hiyo mwisho wa hii unaunganishwa na mwisho wa ile, umeme ufike koili ya pili kwa kinyume. Maisha yake yote hajaunganisha vingine. Hakufikiri, vidole vilikwenda vyenyewe. Na hizi koili za maabara zilitakiwa zisaidiane, si zipingane.

Akasema kwa sauti ndogo, "Nimefunga mota."

Kijana akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

Mwalimu akasema msiguse. Akavuta kiti, akakaa karibu na ubao ule kabisa, akatuita tusogee. Akasema sikilizeni. Hii koili inasukuma kwenda kulia. Hii inasukuma kwenda kushoto. Zote zina nguvu, mmeona wenyewe, ukisogea tu namba inapanda. Lakini kuna mahali pamoja zinakutana zikiwa sawa, na hapo zinafutana. Si kwamba hakuna kitu. Kuna vitu viwili, vimesimama kifua kwa kifua. Halafu akasema neno ambalo nimelishika. Akasema mahali hapo panakuwa katikati kwa sharti moja tu, koili ziwe sawa. Mmoja akipungua nguvu, yule mwenzake anamsukuma, na ile sifuri inahama kuelekea kwa mnyonge.

Akageuka ubaoni akaandika hesabu zake. Akasema mizunguko kumi ikikosekana kwenye koili moja, sifuri itahama kutoka katikati karibu upana wa punje ya mahindi. Kwa rula tutaiona wazi.

Mwalimu akamwambia kijana asome rula, yeye atasogeza kijiti. Akaanzia mbali, akaja nacho taratibu, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. Namba zikashuka. Zikashuka. Nilimshika Kimya mkono wake wa kulia bila kukusudia, na ule mkono ukanishika. Namba ikafika sifuri, mwalimu akasimama.

"Soma."

Kijana akainama. Akasogeza kichwa asome wima. Akavuta pumzi.

"Katikati."

"Soma tena."

"Katikati, mwalimu. Juu ya mstari wenyewe."

Mwalimu akaanza upya kutoka upande wa pili, akafika pale pale. Nikamwambia Kimya, "Harage nililihamisha." Akatikisa kichwa kukubali, lakini hakuwa ananisikia, alikuwa anapatazama pale.

Mwalimu akatoa dira ndogo, kama kifungo cha koti, akaiweka hasa mahali pale. Na hili ndilo nililokubali kushika kalamu kwa ajili yake. Ile sindano ilitulia ikitazama kaskazini, kama sindano yoyote, mahali popote. Huku na huku kuna koili zina joto, umeme unakimbia ndani ya waya mrefu ambao ungefika mwisho wa mtaa na kupita, na hapa katikati yake sindano haina habari. Inaisikiliza dunia tu. Mwalimu akaisogeza upana wa kidole. Ikageuka kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa nyuma. Akairudisha, ikatulia. Akamwambia Kimya ajaribu. Akaisogeza kwa mkono wa kulia. Ikageuka. Akairudisha. Ikatulia. Alifanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyemharakisha. Chumba kizima tulikuwa tunapumua kwa ile sindano.

Nimeingia nyumba nyingi za ibada, nikaambiwa hapa nyamaza. Pale hakuna aliyeniambia.

Mwishowe mwalimu akazima umeme, akasema sasa tuziunganishe zisaidiane. Kijana akachukua pasi ya kulehemu, akaipasha moto, akafungua ule utepe. Akawa ameinama juu ya kiungo, tayari. Kisha akasita. Akaigeuza ile pasi, mpini mbele, akampa baba yake. Kimya akaipokea kwa kushoto, akayeyusha kiungo, akabadilisha ncha moja ya waya, akalehemu upya. Ilimchukua muda. Tone moja la risasi ya kulehemia lilidondoka mezani, akaliacha lipoe, akaliokota.

Umeme ukawashwa, na pale pale palipokuwa na sifuri, namba ikapanda kama maziwa yanayochemka. Mwalimu akakisogeza kijiti kushoto kidogo: namba haikutikisika. Kulia kidogo: ile ile. Sehemu nzima ya katikati ilikuwa sawa, kama uwanja uliofagiliwa. Akasema ndiyo maana zinaitwa pacha, zikisaidiana zinatandika nguvu sawa mahali pote hapa kati, na wenyewe wanaiita uga wa sumaku. Dira ikawekwa, sindano ikageuka kabisa kuelekea upande mmoja na ikakataa kutoka, ukiitikisa inarudi. Kimya akaulizwa anaonaje. Akafikiri. Mwalimu, kwa kuwa ni mgeni, akadhani hatajibu akaanza kukusanya vitu.

"Ile ya kwanza," akasema Kimya, "ilikuwa nzuri zaidi."

Kesho yake asubuhi alikwenda kibandani, akakikuta kile kiti mlangoni. Akakibeba mwenyewe akakiweka ndani kwa ajili ya wateja, akakaa kwenye benchi. Mwanawe alimsogezea mota ya feni bila kumtazama, akamwuliza, "Baba, hii imekufa na nini?" Kimya akainusa. Sasa wanafanya kazi wote wawili, kijana anavuta pale panapotaka nguvu, baba anaweka mkono wa kulia juu ya waya na kusikiliza. Anakula. Usiku analala mpaka anakoroma, na hilo nalo nitamlalamikia siku nyingine.

Ninyi wanafunzi mnaosoma hapa, nimemwambia mwalimu aweke swichi kwenye koili zile, ya kuzigeuza zisaidiane au zipingane, na amekwisha iweka. Kwa hiyo hamna kisingizio. Siku mtakayozitumia, kabla hamjafanya hayo mliyoandikiwa, zigeuzeni kwanza zipingane. Itafuteni ile sifuri. Wekeni dira hapo, mtulie, mwache simu. Kisha mmoja wenu asome rula vizuri, aniandikie kwenye karatasi sifuri ipo wapi, mwalimu ataniletea. Mbao hujikunja, waya hulegea, nataka kujua kama bado ipo katikati. Ikihama hata kidogo, mniite mimi na mdogo wangu, tutakuja na bakuli letu. Na andikeni herufi kubwa, nimekwisha waambia habari za macho yangu.